Kwa anayekaa kwenye gari: kumsindikiza ndugu kwa baiskeli kutoka Tanga hadi Bagamoyo

Anayepiga pedali ana watu wengi wa kumshauri. Wewe utakayemfuata na gari huambiwi kitu, na siku njia ikigoma ndiwe unayetegemewa. Mimi huendesha kirikuu ya nyumbani, mama amekaa pembeni na chupa ya uji miguuni, mdogo wangu yuko barabarani. Ninayoyaandika nimeyapata hapo.

Kabla hamjatoka nyumbani, kubalianeni nani atasema "basi kwa leo". Asiwe mwenye baiskeli. Mtu aliyeishiwa maji na sukari mwilini hawezi kujipima vizuri, maana kichwa nacho kimechoka. Kwetu neno la mwisho ni la mama, na mdogo wangu aliliitikia mwenyewe tukiwa bado Tanga, akiwa ameshiba na ametulia. Msisubiri kuupanga uamuzi huo juani.

Tanga, Muheza, Hale mpaka Segera hamtapata taabu sana. Kuna vivuli, kuna machungwa, na watu wako karibu. Kazi inaanza mkishakata kushoto Segera, mkaingia barabara kuu ya kwenda Chalinze: Kabuku, Mkata, mpaka bonde la mto Wami. Mabasi na malori ya Arusha na Dar es Salaam yote yanapita hapo. Usimfuate nyuma kwa mwendo wake. Gari linalotambaa linawalazimisha wenye malori kulipita kwa pupa, na wanaporudi upande wao wanamkuta yeye. Tangulia kilomita kumi, toka kabisa nje ya lami, subiri. Kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa atafika baada ya dakika 40. Zikipita 50 hujamwona, geuza gari.

Sasa upepo. Kuanzia Aprili mpaka Septemba hivi kusi huvuma, na ninyi mnaelekea kusini. Akienda kilomita 20 kwa saa dhidi ya upepo wa kilomita 20, hewa inamsukuma mara nne ya siku tulivu. Kwa hiyo msipange siku kwa kilomita, pangeni kwa saa. Aondoke kunapopambazuka upepo ukiwa mpole, apumzike saa tano, na asirudi barabarani kabla ya saa tisa.

Siku iliyotubana zaidi ilikuwa baada ya Mkata. Kusi lilikuwa limeshika tangu asubuhi, na pancha zikafuatana. Pembeni mwa lami kuna mabaki ya tairi za malori zilizopasuka, na ndani yake mna nyaya nyembamba kama nywele. Ukiziba tyubu bila kuutoa waya, itatoboka tena palepale. Pitisha kitambaa cha pamba ndani ya tairi, polepole, mzunguko mzima. Kitakaponasa, hapo ndipo ulipo. Kazi hii aifanye mtu wa gari, mwenye mikono isiyotetemeka, huku mwendeshaji anakunywa.

Kilichomtia mama wasiwasi hakikuwa pancha. Mtoto wake alisukuma kiazi pembeni, akasema "niko sawa, dada" bila kunitazama, na vinyweleo vya mikono vilikuwa vimesimama kwenye jua lile. Mtu anayehisi baridi juani mtoeni juani mara moja. Tulimlaza chini ya mwembe, tukamlowesha kichwa, shingo na kwapa, tukampepea kwa kanga. Angeanza kupepesuka au kusema maneno yasiyoeleweka, tungemwagia maji yote tuliyonayo na kukimbilia kituo cha afya, na ndivyo mtakavyofanya ninyi.

Alipopata nguvu alitaka kuendelea. Mama akasema basi. Alinuna, na nilimwonea huruma, kwa sababu kwa mwendeshaji kupanda gari ni jambo zito. Lililomtuliza ni nguzo ya kilomita: tuliandika namba yake, tukapakia baiskeli, na kesho yake alfajiri tukamshusha palepale kwenye nguzo ileile. Akavuka Wami kwa miguu yake mwenyewe, akashika njia ya Bagamoyo pale Msata. Beba daftari kwa ajili hiyo.

Kuhusu kunywa: maji matupu mengi nayo yanadhuru, kwani jasho hutoka na chumvi. Lita moja ya maji safi, vijiko vya chai sita vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi. Viazi vya kuchemsha vyenye chumvi, ndizi, tende. Mpe kidogo kidogo, kila mnapoonana, bila kumuuliza kama ana njaa. Ukimuuliza atakataa.

Na maneno makali atakayokutupia mchana, usiyajibu mpaka ale na aoge. Kwetu mengi huisha hapo.

Dereva naye achungwe. Kukaa saa nzima kwenye gari lililosimama juani, macho kwenye kioo, kunachosha kuliko watu wanavyofikiri, na hakuna anayekuuliza umekunywa nini. Mama huniamuru nishuke na kunywa kila tunaposimama. Kama kuna mtu wa pili mwenye leseni, pokezaneni usukani kila baada ya vituo viwili au vitatu, na jioni dereva alale kabla vyombo havijaoshwa.