Vitanzi viwili kwenye mstari mmoja wa Python

Nilikuwa najumlisha mauzo ya duka la dada yangu. Kila siku ina orodha yake ya bei, na siku zote zimo ndani ya orodha moja:

wiki = [[1200, 800], [500], [900, 300, 700]]

Nilitaka bei zote zikae pamoja. Nikaandika kwa Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, kama ninavyotamka: kila bei ya siku, kila siku ya wiki:

[bei for bei in siku for siku in wiki]

Python haikulalamika. Jumla ikaja 5700. Dada akafungua daftari: 4400.

Ilinichukua jioni nzima kujua kisa. Juu kidogo nilikuwa nimeendesha kitanzi cha kawaida, yaani "for" inayorudia kazi kwa kila kitu cha orodha, na kigeu "siku", jina linaloshika thamani, kilibaki kimeshika siku ya mwisho, [900, 300, 700]. Python ikaanza na hiyo, kisha ikarudia kila bei mara tatu kwa kuwa wiki ina orodha tatu. Kwenye faili jipya ningepata NameError, kosa la jina lisilojulikana, papo hapo, na ningeshukuru. Kosa linalotoa jibu ni baya kuliko linalogoma.

Mstari sahihi ni huu:

[bei for siku in wiki for bei in siku]

Ukikwama, ushushe uwe ngazi:

zote = []
for siku in wiki:
    for bei in siku:
        zote.append(bei)

Tazama mfuatano wa "for". Ni uleule: wa juu ndio wa kushoto, wa chini ndio wa kulia. Kilichohama ni "bei" peke yake, iliyotoka ngazi ya mwisho ikakaa mbele. Ndivyo ilivyo tangu uandishi huu ulipoingia katika toleo la 2.0, mwaka 2000. Kwa hiyo mimi huanza kuandika katikati: kwanza "for siku in wiki", kisha "for bei in siku", halafu ndipo narudi mwanzo kuweka ninachokitaka.

Sharti nalo hufuata ngazi. "if bei >= 500" huja baada ya bei kupatikana, yaani mwishoni. Sharti linalohusu siku, kama "if len(siku) > 1", liweke mara tu baada ya "for siku in wiki", ili siku isiyofaa irukwe kabla ya kufunguliwa.

Usichanganye na mabano ndani ya mabano:

[[bei * 2 for bei in siku] for siku in wiki]

Hapa kitanzi cha nje ni cha kulia, maana mabano ya ndani ndiyo kitu kinachotengenezwa kwa kila siku. Siku hubaki tatu, kila moja na orodha yake.

Vitanzi vikifika vitatu, naviacha kwenye ngazi. Mwenzangu akifungua faili asubuhi, aone mara moja kipi kimo ndani ya kipi.