Uliza Shangazi: Mwimbaji wetu anaumwa na mchango umekwama

SWALI: Shikamoo shangazi. Mimi napiga kinanda kwenye bendi yetu ndogo ya bango, ule muziki wa harusi wa Pwani, hapa Likoni, kazi zetu ni za harusi na hoteli za Diani. Mwimbaji wetu amepatikana na saratani ya koo, daktari kasema apigwe mionzi pamoja na dawa za kemo. Tukaanza mchango kwa simu ya mkewe, posta ya tangazo tukaisambaza kwenye magrupu ya WhatsApp, wiki mbili za mwanzo pesa ziliingia mpaka tukafurahi alafu kimyaa, na sasa kuna maneno ati pesa zinaliwa. Mwenyewe hataki picha yake akiwa kitandani izunguke. Wenzangu wanasema tufanye shoo kubwa moja tumalize. We waonaje?
Mpiga kinanda, Likoni

JIBU: Marahaba mwanangu. Nimeisoma barua yako mara tatu na kila mara nasimama hapo kwenye koo, manake mwimbaji koo ndo shamba lake, ndo jembe lake, na sasa hapo hapo ndo pauma. Poleni nyote na umfikishie salamu zangu.

Hiyo namba ya mkewe iondoeni leo. Sisemi kwamba mama wa watu mwizi, la hasha. Lakini simu yake ndo ya unga, ndo ya karo, na kama ana deni la Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, basi ile elfu mbili ya msamaria ikiingia tu inakatwa kabla hajaiona, na ukija kuulizwa ilienda wapi utajibu nini? Tena akaunti ya M-Pesa haiweki zaidi ya shilingi 500,000 kwa wakati mmoja. Mimi haya yalinikuta tulipomchangia binamu yangu, tulitumia simu ya mtu mmoja mwaminifu kabisa na bado jamaa walitoka wakiwa hawasemezani, na mpaka leo kuna wawili hawakai msiba mmoja. Fungueni akaunti ya benki ya kikundi, sahihi za watu watatu, mmoja wa bendi, mmoja wa familia, na wa tatu mtu wa nje anayeheshimika mtaani, imamu au mchungaji au mwalimu, alafu tumieni Paybill, ile namba ya kulipia kwa simu, ya benki hiyo. Kila Ijumaa jioni andikeni kwenye grupu: zimeingia hizi, zimetoka hizi, risiti hii hapa. Hata wiki iliyoingia mia mbili, andikeni mia mbili. Hayo maneno unayoyasikia yanalelewa na ule ukimya wenu.

Sasa swali ambalo hukuniuliza, je SHA yake, ile bima ya afya ya serikali, iko hai? Wanamuziki wengi hawana payslipu kwa hivo mambo haya hupita juu juu mpaka siku ya ugonjwa. Anayejitegemea hulipa ya mwaka mzima kwa mpigo, kiwango chategemea yale maswali ya hali yako ya maisha unayoulizwa ukijisajili, lakini chini kabisa ni 300 kwa mwezi, yaani 3,600. Kwa viwango vya mwaka 2025 matibabu ya saratani yalikuwa yanalipiwa hadi 400,000 kwa mwaka, nazo zikiisha mfuko wa magonjwa sugu ukiongeza 150,000. Hesabu hiyo ni ya nyumba nzima, si ya mtu mmoja, na viwango hubadilika kwa hivo nendeni deski ya SHA pale hospitali muulize cha leo. Lakini mwaiona hesabu? Pesa ya kwanza kabisa ya mchango iende huko. Nawaona watu wakitembeza bakuli mji mzima kutafuta laki tano na hiyo bima haijalipwa.

Mkishajua SHA yalipa nini ndo mwajua mnachanga cha nini. Muulizeni daktari na ofisi ya fedha wawaandikie mpango wa matibabu na gharama. Saratani za koo mionzi mara nyingi ni siku 5 kwa wiki, kwa wiki 6 au 7 mfululizo, na shukurani siku hizi mionzi ipo hapa hapa Hospitali Kuu ya Pwani, pale Makadara, si lazima kila mtu apande basi la Nairobi kama zamani. Lakini hebu piga picha mtu wa Likoni, kila siku feri kwenda na kurudi, feri ni bure kwa mwenda kwa miguu lakini ile foleni na ule msukumano, na koo limevimba hata mate hayamezeki. Atahitaji teksi. Atahitaji uji mzito na maziwa na mayai manake wali hautapita, pengine hata mpira wa kulishia. Na mkewe akiacha biashara kumuuguza, nyumba italipwa na nani? Haya SHA haigusi, na ndo yanayomfanya mgonjwa akatize mionzi njiani, jambo ambalo madaktari hawalitaki hata kidogo kwa sababu kukatakata kunaipa saratani nafasi.

Kwa hivo shoo kubwa moja siioni. Ukumbi, spika, jenereta, kibali, walinzi, mwaweza kutoka jasho mkabaki na elfu ishirini. Nyinyi mshashika kazi ya harusi kila wikendi, na kwenye harusi watu huwatunza waimbaji pesa. Muombeni mwenye harusi kwa heshima, wekeni kapu mbele ya jukwaa, na tunzo za wimbo mmoja tu, ule wake yeye alokuwa akiimba, ziende kwake. Waombeni na bendi nyingine na wenzetu wa taarabu wafanye hivo hivo. Harusi za wikendi kumi zitamfikisha mwisho wa mionzi.

Na hiyo picha ya kitandani msiiweke kamwe. Kakataa, basi. Wekeni ile akiwa ameshika maikrofoni na shati lake la vitenge, watu wamchangie yule wanaomjua.

SWALI: Shangazi, niko Maskati kazini, naletewa posta za kuchangia wagonjwa kila wiki, nitajuaje ya kweli?
Binti wa Kisauni

JIBU: Mwanangu, matapeli huchukua posta ya kweli wakabadilisha namba tu, picha ni ile ile, jina ni lile lile. Mpigie mtu wako wa Kisauni aende mpaka kwa familia wamtajie namba kwa mdomo, ulinganishe tarakimu moja moja. Na kama bado moyo wasita, uliza hospitali kama waweza kulipia bili yake moja kwa moja kwa namba ya mgonjwa, ukapata na risiti.