Feni zinazunguka, skrini nyeusi: je, ubao umeungua?

SWALI: Assalam aleikum fundi. Niko Lamu, mtaa wa Langoni. Nimejiundia kompyuta ya mezani kwa mara ya kwanza. Prosesa ni Ryzen 5 5600, ubao mama ni wa B450, mpya ndani ya boksi lake, RAM ni mbili za DDR4, GB 8 kila moja, na kadi ya picha nimenunua ya mtumba. Vitu vimekuja kwa basi mpaka Mokowe, nikavivusha kwa boti. Nikibonyeza swichi, feni zote zinazunguka na taa za rangi zinawaka, lakini skrini haionyeshi chochote. Kwenye ubao kuna kitaa chekundu kando ya neno CPU, nacho hakizimiki. Waya wa HDMI nimeuchomeka kwenye ubao. Jamaa mmoja wa duka la simu ameniambia ubao umeungua, niurudishe. Nifanyeje?

JIBU: Waaleikum salaam, mwanangu. Usirudishe kitu bado. Barua yako ina habari mbili nzuri kuliko ulivyodhani: kile kitaa chekundu, na jina la ubao ukiliweka kando ya jina la prosesa.

Kwanza tuwekane sawa kuhusu feni. Feni kuzunguka ni kama taa ya nyumba kuwaka: hukuambia stima ipo, haikuambii mwenyewe yumo. Feni hupata volti 12 mara tu pawasaplai (kile kisanduku cha kugawa umeme) inapoamshwa, hata kama prosesa haijafanya kazi yoyote. Kwa hiyo "inawaka lakini haionyeshi" bado haimaanishi kuna kilichoungua.

Kinachosema ukweli ni vile vitaa. Kompyuta ikiamka hujipima kwa zamu: CPU, yaani prosesa, halafu DRAM ambayo ndiyo RAM, halafu VGA ambayo ni kadi ya picha, mwisho BOOT, yaani diski yenye Windows. Kila hatua ikipita, kitaa chake huzimika. Chako kimeganda CPU, hatua ya mwanzo kabisa. Basi kwa sasa usihangaike na diski wala Windows, na usikubali kuuziwa RAM nyingine.

Lile la HDMI nalimaliza haraka. Ryzen 5 5600 isiyo na herufi G haina sehemu ya picha ndani yake, kwa hiyo tundu la HDMI la ubao litabaki bubu maisha yake yote ukiwa na prosesa hiyo. Hamishia waya kwenye kadi ya picha. (Wenye Intel nao waangalie herufi F mwishoni mwa jina; habari ni hiyohiyo.) Lakini kosa hilo haliwashi kitaa cha CPU, kwa hiyo kuna jambo la pili.

Anza na waya wa umeme wa prosesa. Mbali na ule mkubwa wa pini 24, kuna wa pini 8 unaochomekwa pembeni juu ya ubao, kushoto kwa prosesa. Wengi huusahau kwa sababu umejificha nyuma ya kipoza joto. Wengine huchukua waya wa kadi ya picha, ambao nao una pini 8, wakaulazimisha. Uangalie ulivyogawanyika: wa prosesa hupasuka nne kwa nne, wa kadi hupasuka sita kwa mbili. Mpangilio wa volti ndani yake ni kinyume, ndiyo maana umbo halikubali kuingia. Ukiona unatumia nguvu, acha.

Kama waya huo umekaa sawa, basi shaka yangu kubwa ni BIOS, ile programu ndogo iliyo ndani ya ubao inayoamsha mashine na kutambua prosesa. Bodi za B450 zilitoka mwaka 2018. Prosesa za Ryzen 5000 zilianza kutoka mwishoni mwa 2020, na 5600 yako ikaja 2022. Ubao uliokaa stoo tangu mwanzo haujui prosesa hiyo ni kitu gani. Ni mzima, prosesa ni nzima, ila hawajuani. Tazama kwenye boksi kama kuna kibandiko kinachosema uko tayari kwa Ryzen 5000. Kama hakipo, ingia tovuti ya mtengenezaji, tafuta jina kamili la ubao, ufungue orodha ya prosesa zinazokubalika. Mbele ya 5600 utaona toleo la BIOS linalohitajika.

Dawa inategemea ubao. Baadhi zina kitufe nyuma cha kuweka BIOS mpya bila kuhitaji prosesa kufanya kazi. Ukikiona, shukuru: unapakua faili ya ubao huohuo hasa, si wa jina linalofanana, unaliita jina linalotajwa kwenye kitabu chake, unaliweka kwenye flashi iliyofomatiwa kwa mfumo wa FAT32, unachomeka flashi kwenye tundu lililowekwa alama, unabonyeza na kusubiri kitaa kimalize kumetameta. Stima ikikatika katikati, hapo ndipo ubao unaweza kufa kweli, na sote twajua stima zetu za pwani. Azima UPS, kile kifaa chenye betri kinachoshikilia umeme ukikatika, hata ya ofisi ya jirani.

Kitufe kisipokuwepo, itabidi ipatikane prosesa ya zamani ambayo ubao unaijua, mfano Ryzen 5 2600, iwekwe kwa muda tu wa kubadilisha BIOS. Fundi wa Malindi au Mombasa mwenye nayo hufanya kazi hiyo upesi. Mpelekee ubao, prosesa na RAM moja. Hakuna haja ya kuvusha kasha zima.

Sasa tahadhari ambayo wengi hawaambiwi. Prosesa za AM4, aina ya soketi inayotumiwa na yako, zina pini chini yake, na pesti ya joto hushika kama gundi. Ukikivuta kipoza joto kwenda juu moja kwa moja, prosesa hung'oka nacho na pini hupinda. Kizungushe polepole kushoto na kulia mpaka kilegee, ndipo ukiinue. Ukifika hapo, inua prosesa na utazame mistari ya pini kwa pembeni, maana pini iliyopinda nayo huwasha kitaa cha CPU. Moja au mbili hunyooshwa kwa ncha ya penseli ya kubonyeza iliyotolewa risasi yake, kwa subira.

Kabla ya safari yoyote, jaribu hili nyumbani. Chomoa umeme, toa ubao kwenye kasha, uweke juu ya boksi lake la karatasi. Bakisha prosesa na kipoza joto chake, kadi ya picha, na RAM moja tu kwenye sloti ya pili kutoka kwa prosesa. Toa betri ya CR2032 dakika tano kisha irudishe. Rudisha waya za umeme, kisha washa kwa kugusanisha kwa bisibisi pini mbili za swichi ya kuwashia, zilizoandikwa PWR_SW kwenye ubao. Ikiamka hapo nje, basi ndani ya kasha kuna shoti: mara nyingi ni kinguzo cha chuma cha kushikia ubao kilichowekwa pasipo na tundu la skrubu, kikagusa mgongo wa ubao.

RAM zikirudi zote mbili, ziende sloti ya pili na ya nne, zibanwe mpaka zilie. Na kwa kuwa kadi ni ya mtumba na hewa yetu ina chumvi, futa meno yake kwa spiriti ya kusafishia vifaa vya umeme. Mafundi wengi hutumia kifutio cha shule. Mimi sikipendi: hukwangua dhahabu na kuacha vumbi ndani ya sloti.

Pawasaplai usiifungue kamwe, hata ikiwa imechomolewa, kwani ndani hubaki umeme. Ikiwa ni ya bei rahisi na ina kiswichi chekundu cha 115 na 230, hakikisha kiko 230.

Kitaa cha CPU kikizimika na skrini ikakuandikia kwamba hakuna diski ya kuwashia, usiniandikie kwa hofu. Maana yake mashine imepita vipimo vyake. Chomeka flashi ya Windows uendelee.