Acha mringaringa, geuza nyumba

Ndugu uliyeuliza kama ukate migomba na mringaringa (mti mkubwa wa kivuli) uliyoikuta kwenye kiwanja chako cha Moshi ili nyumba ipate hewa, nakusihi uiache. Moshi ipo takriban nyuzi 3 kusini mwa ikweta, hivyo jua la mchana hupiga paa karibu wima, ilhali kuta za mashariki na magharibi hupigwa na jua la chini la asubuhi na jioni. Kwa sababu hiyo nyumba irefuke kutoka mashariki kwenda magharibi, madirisha makubwa yaelekee kaskazini na kusini, na mringaringa ubaki upande wa magharibi, ambako kivuli chake kitaufikia ukuta saa ambazo joto limekwisha kujaa. Majani pia hutoa mvuke unaopoza hewa, jambo ambalo ua uliosakafiwa zege hauwezi kulifanya.

Kwa kuta ningechagua matofali ya udongo yaliyochanganywa na saruji kidogo na kushindiliwa kwa mashine, kwani hayachomwi na hayali kuni. Yanahitaji, hata hivyo, msingi wa mawe ulioinuka na upenu mpana, maana masika ya Machi hadi Mei huumomonyoa udongo usiokingwa.

Uzio uwe wa masale, mimea ya majani marefu, kama mipaka ya vihamba (mashamba ya nyumbani) vya Wachagga. Mianzi ya baraza iloweke kwanza katika maji ya boraksi (chumvi ya madini inayozuia wadudu), la sivyo wadudu wataitoboa mapema.