Ukipewa mkataba wa stoo uupitie, anza na ufunguo

Wadogo zangu mnaoanza kazi kwenye ofisi za mawakili, na nyie mlioko field kwenye vitengo vya sheria hapa Dar, kuna mkataba mtapewa mapema sana kwa sababu wakubwa wanauona mdogo, nao ni mkataba wa kukodi stoo. Sizungumzii magodauni ya Pugu Road, nazungumzia hizi stoo za chumba kimoja kimoja, mtu anahama Sinza anaweka makochi na friji, mfanyabiashara wa Kariakoo anaweka mzigo uliobaki, mwingine anaenda kusoma nje anafungia humo kila alichonacho. Unaambiwa pitia hii leo mteja anasaini kesho. Usiichukulie kirahisi, pengine mali yote ya huyo mtu iko ndani ya hicho chumba.

Kabla hujaanza kuwinda vipengele vibaya, uliza ufunguo unakaa kwa nani. Kama mteja anafunga na kufuli lake, anaingia na kutoka anavyotaka na mwenye stoo hajui kilichomo, hapo kuna pango, au angalau ruhusa ya kutumia nafasi. Kama anashusha vitu getini, vinaorodheshwa, wanaviingiza wao na hawezi kuvitoa mpaka wao wafungue, basi amewakabidhi mali, na Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, ina sehemu nzima kuhusu mtu aliyekabidhiwa mali ya mwenzake, anatakiwa aitunze kama mtu makini angetunza ya kwake yenye thamani ileile. Shida ni kwamba mikataba mingi inakataa vyote viwili kwa pamoja, utakuta imeandikwa huu sio upangaji na sisi sio watunzaji wa mali, halafu mlinzi ana ufunguo wa akiba na jioni geti linafungwa. Usikubali jina walilouita, angalia kinachofanyika. Hili linabadilisha hata mahali pa kwenda kudai, kama ni pango unafikiria Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, kama ni mali iliyokabidhiwa unafikiria mahakama ya kawaida, na mtu akikosea hapo anaweza kupoteza muda mrefu kwenye kesi inayotupwa bila kusikilizwa. Kwa hiyo aya ya kwanza ya memo yako, yaani yale maoni unayoandika kuhusu mkataba, iwe hiyo.

Baada ya hapo nenda moja kwa moja kwenye kipengele cha kuuza mali, mara nyingi kiko mwishoni mwishoni huko, kinasema mteja akichelewa kulipa siku kadhaa mwenye stoo atavunja kufuli na kuuza vitu kufidia deni. Hapa ndo penye hatari kuliko pote na nataka mpaelewe vizuri. Stoo za namna hii zimekua sana Marekani na kule majimbo yametunga sheria zake maalum, California kwa mfano ina sheria inayompa mwenye stoo haki ya kushikilia vitu na kuviuza baada ya kufuata hatua zilizoandikwa, notisi, muda, tangazo. Uingereza nako kuna sheria ya mwaka 1977 inayogusa kuuza vitu ambavyo mwenyewe hajaja kuvichukua. Sasa mtu wa Mbezi anapakua mkataba wa huko, anabadilisha jina la kampuni na anwani, vipengele anaviacha vilevile. Nimeshika kwa mikono yangu mkataba wa stoo ya hapa mjini unaosema mali itauzwa kwa mujibu wa sheria ya California. Sisi hatuna sheria maalum ya stoo hizi. Tuliyonayo yenye neno ghala ni ile ya Stakabadhi Ghalani ya 2005, na hiyo ni ya korosho, ufuta, kahawa na mazao mengine, haihusiani na kabati la mtu.

Maana yake haki ya mwenye stoo ya kuuza, kama ipo, inasimama kwenye maneno ya mkataba wenyewe, na kushikilia vitu mpaka ulipwe ni jambo moja, kuviuza ni jambo lingine kabisa. Angalia kama kuna notisi ya maana na inamfikia mteja kweli, maana notisi ya kubandikwa kwenye ubao wa getini haimsaidii mtu aliyeko Mwanza. Angalia nani anauza, dalali mwenye leseni au meneja anawaita marafiki zake. Angalia hela ikizidi deni inarudi kwa nani, mkataba ukikaa kimya hapo andika kwa wino mzito. Na uombe vyeti, paspoti, hati za nyumba na picha za familia visiuzwe kwa hali yoyote, hivyo sokoni havina bei lakini kwa mwenyewe havina mbadala, na wenye stoo wengi wakiombwa kistaarabu hilo wanalikubali.

Penati piga hesabu, usiishie kusema ni kubwa. Pango laki na nusu kwa mwezi, penati asilimia 5 kwa siku, hiyo ni 7,500 kila siku, siku ya 20 penati imefika pango la mwezi mzima, siku ya 60 ni laki nne na nusu. Ukiandika hivyo mteja anaelewa bila kumsomea sheria. Halafu ndo umwambie kifungu cha 74 cha Sheria ya Mikataba, kwamba hata kama kiasi kimetajwa kwenye mkataba, anayedai anapewa fidia ya haki isiyozidi hicho kiasi, sio lazima apewe chote. Ila mwambie ukweli pia, hiyo ni mpaka afike mahakamani, na wakati huo vitu viko ndani na kufuli limeshabadilishwa.

Kuna ile sentensi ya mali kuwekwa kwa hatari ya mwenye mali na kampuni haitahusika na upotevu wowote. Vijana wengi wakiiona wanaandika BATILI. Usikimbilie huko. Sheria inaacha nafasi ya watu kukubaliana kiwango cha wajibu, kwa hiyo sentensi inaweza kuwa na nguvu kiasi, lakini ikiwa na utata itasomwa dhidi ya aliyeiandika, na kumkinga mtu na wizi uliofanywa na mlinzi wake mwenyewe ni kitu kingine. Tenganisha sababu. Moto, maji, wizi, panya, kila kimoja kina maswali yake. Huu mji tumeona soko la Kariakoo likiungua Julai 2021 na kila masika tunaona maji bonde la Msimbazi, kwa hiyo muulize mteja stoo iko wapi, sakafu imeinuliwa au iko usawa wa barabara, kuna vifaa vya kuzimia moto, na bima ni ya nani. Mara nyingi bima ya mwenye stoo inalinda jengo, vitu vya wateja havimo, na mteja anaamini vimo kwa sababu mkataba umetaja neno bima.

Bei kwa dola siku hizi ni rahisi kuijibu. Kuna kanuni za matumizi ya fedha za kigeni zilizotoka 28 Machi 2025, kutaja au kudai bei ya huduma ya ndani kwa fedha za kigeni ni marufuku, na mikataba iliyokuwepo ilipewa mwaka mmoja irekebishwe. Wengine sasa wanaandika shilingi lakini kwa kiwango cha dola cha siku ya malipo, hiyo ni kuizunguka kanuni, iwekee alama na upendekeze kiasi cha shilingi kilichokaa.

Kipengele kinachosema mteja hataenda mahakamani kwa namna yoyote, hicho sasa andika batili bila woga, kifungu cha 28 cha Sheria ya Mikataba. Usuluhishi ni halali, ila tazama kama msuluhishi anachaguliwa na mwenye stoo peke yake. Vilevile ukikuta madai yote yafunguliwe ndani ya siku 30 la sivyo yamekufa, kumbuka ukomo wa madai ya mkataba kwetu ni miaka 6. Kumtaka mteja atoe taarifa mapema akikuta kitu kimeharibika ni sawa, hiyo inasaidia hata uchunguzi, cha kupinga ni kumfungia mlango wa kudai.

Halafu kuna kifo, hiki watu hawakisomi kabisa. Nimeona mkataba unaosema mteja akifariki na ndugu wasipotoa vitu ndani ya siku 30 vinakuwa mali ya kampuni. Jamani, familia iko msibani, bado kuna kikao cha ukoo, kuna kufungua mirathi, msimamizi ateuliwe na mahakama, siku 30 zinaisha hata hawajui kama marehemu alikuwa na stoo. Omba muda uhesabiwe kuanzia msimamizi anapoteuliwa, pango liendelee kuhesabika ili mwenye stoo asiumie, na mteja aandike jina la mtu wa kupigiwa simu.

Wanachukua kopi ya kitambulisho cha NIDA na picha, hiyo kawaida, lakini kuna wanaoongeza kwamba wanaweza kutangaza jina na picha ya mdaiwa kwenye magrupu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo na Tume yake ipo, kata hicho kipengele chote.

Sio kila kitu ni uonevu lakini. Kukataza petroli, mitungi ya gesi na fataki ni kulinda wateja wote, kuingia chumbani moshi ukionekana ni sawa, kupandisha bei kwa notisi ya mwezi mmoja ni biashara. Ukilalamikia hivi navyo mwenye stoo hatakusikiliza kwenye yale mazito.

Memo yako igawe kile ambacho sheria inakikataa, kile ambacho ni kionevu na kinaweza kupingwa, na kile ambacho ni hasara ya biashara tu mteja aamue mwenyewe. Mteja akiwa mtu wa kawaida na mkataba ni ule wa saini au ondoka, mkumbushe kuna Tume ya Ushindani, FCC, iliyo chini ya Sheria ya Ushindani ya 2003, kumlinda mlaji ni sehemu ya kazi yake. Na kila unapokataa kipengele andika cha kubadilishia, kwa Kiswahili ambacho meneja wa stoo atakielewa, mfano "Mwenye stoo hatauza mali kabla ya kumpigia mteja simu, kumtumia ujumbe na kumwandikia barua, na kupita siku 60 tangu barua hiyo, kinachozidi deni atarudishiwa mteja ndani ya siku 14." Mtumie mteja hiyo WhatsApp kabla hajalipa dipoziti, akishalipa na vitu vimeshashushwa hakuna meneja atakayebadilisha hata nukta.