Kabla hujagusa ukuta wa mtaa, kaa kwanza kwenye benchi lao

Jumapili iliyopita kijana mmoja wa Morogoro aliniandikia: "Dada, rangi ninayo, brashi ninazo, mchoro ninao. Nipe mbinu ya kupata ukuta." Nilisoma ujumbe wake kucha zangu zikiwa bado na rangi ya bluu, maana siku mbili kabla nilikuwa nimemaliza mkono wa kwanza wa ukuta wa bombani pale Keko, Dar es Salaam, na moyo ulikuwa umenijaa. Nilitaka kumjibu kwa mistari mitatu nikashindwa. Jibu lenyewe limenigharimu miaka, na kipande chake kimoja kinaniuma hadi leo. Kwa hiyo naliandika hapa lote, kwa sababu najua mko wengi mnaotaka kitu hichohicho: ukuta mkubwa, kwenye njia ya watu, wenye jina lako pembeni.

Mimi ni mtoto wa Keko, mtaa wa maseremala. Mnaoijua mnaijua kwa harufu: mbao mbichi, gundi, vanishi, na fremu za sofa zimepangwa kando ya barabara zikisubiri kuvishwa kitambaa. Baba alikuwa anatengeneza vitanda. Vipande vya hadibodi alivyovikata na kuvitupa ndivyo nilivyojifunzia kuchora, kwa rangi ya mafuta iliyosalia kwenye makopo. Nilipokuja kusikia kwamba Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alianza hivyohivyo hapa Dar mwaka 1968, kwa hadibodi na rangi za kupakia baiskeli, nilijiona nimepata babu. Alifariki 1972. Miaka minne tu ya kuchora, na leo mtindo mzima unaitwa kwa jina lake. Nikajiambia: kipaji kinatosha, mengine yatakuja yenyewe.

Mwaka 2019 nikapata ukuta wangu wa kwanza mkubwa. Ulikuwa ubavu wa nyumba kwenye uchochoro unaotokea kwenye msikiti mdogo, upana mita tano, urefu mita tatu, lipu laini kabisa. Nilimwomba ruhusa mpangaji wa chumba cha mbele, kijana wa rika langu, akasema, "Chora tu dada, utatupendezeshea." Mwenye nyumba alikuwa anaishi Mbagala, sikumtafuta. Kwa mjumbe sikwenda. Chini ya ukuta ule kulikuwa na benchi refu la mninga, limechakaa na kung'aa kwa kukaliwa. Nililisogeza ili nipate pa kusimamisha ngazi.

Nilichora uso wa mwanamke, kuanzia kidevuni hadi utosini, ameelekeza macho mbele. Nilitumia rangi ya mafuta kwa sababu nilitaka yale macho yawe na unyevu, yaani ukipita asubuhi jua linapopiga uone kama anataka kulia. Siku sita nilikuwa juu ya ngazi, siku sita wanaume wanapita wananiuliza kama mume wangu anajua niko huko juu. Sikuwajibu. Siku ya saba nilipiga picha nikaiweka mtandaoni, na simu haikupoa. Watu kutoka Arusha, Mombasa, hadi Muscat, wote wananipongeza. Hakuna hata mmoja wa Keko aliyesema neno, na mimi sikuliona hilo.

Siku ya tisa nilikuta ukuta mweupe.

Walikuwa wameupaka chokaa usiku, mara mbili, na matone yametapakaa chini hadi mlangoni. Nilisimama pale nikalia. Kisha nikaenda nyumbani nikaandika maneno ambayo sitayarudia, kuhusu watu wa uswahilini wasioelewa sanaa. Mimi, niliyezaliwa nyumba ya tatu kutoka pale.

Sasa sikilizeni jambo ambalo fundi rangi yeyote angewaambia. Chokaa haishiki juu ya rangi ya mafuta. Inakaa juu kama unga juu ya sahani, na hata pale iliposhika, ikilowa inakuwa kama shela, unaona kilichoko nyuma. Masika ilipoanza, yule mwanamke akaanza kurudi. Kwanza jicho la kushoto. Kisha pua nusu. Ukuta ukikauka anafifia, mvua ikirudi naye anarudi, na chokaa ikazidi kubanduka vipande vipande kuzunguka macho. Mama mmoja aliniambia baadaye kwamba mwanawe wa miaka saba alikuwa hataki kwenda chooni usiku, maana njia ya chooni inapita pale. Mtoto anasema yule mama anaamka mvua ikinyesha.

Mzee mmoja wa pale msikitini akanipigia simu. Nilijiandaa kugombezwa. Akasema, "Mwanangu, njoo umtoe mwenyewe. Sisi hatumwezi."

Nilikwenda na skrepa, brashi ya waya na msasa. Kazi ya siku sita niliikwangua kwa siku mbili, na vumbi lake nililimeza. Yule mzee alitoka na birika la kahawa, akalivuta lile benchi kutoka lilikokuwa limetupwa nyuma ya nyumba, akalirudisha mahali pake, akakaa. Akaniambia nami nikae. Hapo ndipo nilipojua. Kilichowauma kwanza hakikuwa uso. Kilikuwa benchi. Wazee walikuwa wakikaa pale kila siku baada ya sala ya laasiri, wanakunywa kahawa, wanasuluhisha ugomvi wa mtaa. Mimi nikaliondoa siku ya kwanza na sikulirudisha. Siku tisa hawana pa kukaa, na hakuna aliyewaambia kwa nini. Halafu juu ya hilo, kila alfajiri wanapokwenda kusali wanakutana na uso mkubwa uchochoroni. "Ungetuuliza," akasema mzee, "tungekuonyesha ukuta mwingine."

Maneno yale sijayasahau. Ukuta mwingine ulikuwepo muda wote.

Kwa hiyo, mdogo wangu wa Morogoro, mbinu ya kwanza ni kuuliza. Usimwulize mpangaji peke yake. Muulize mwenye nyumba, umpate popote alipo, mwandikiane hata karatasi moja. Mwone mjumbe, mwone mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Kisha waulize wanaokaa chini ya ukuta huo, ambao hawana karatasi yoyote lakini ndio wenyewe hasa. Mbinu ya pili ni kukaa. Kaa hapo jioni tatu, nne, kumi. Mbinu ya tatu ni kuuliza tena, kwa sababu mara ya kwanza watakujibu kwa adabu tu.

Kuna kazi moja ninayoifikiria sana tangu wakati ule. Mwaka 2009 msanii wa Kifaransa anayejiita JR alifunika mapaa ya Kibera, Nairobi, kwa picha kubwa za macho na nyuso za wanawake wa Kibera wenyewe, karibu mita za mraba 2,000. Macho ya wanawake, kama yangu. Lakini picha zile zilichapwa kwenye turubai lisilopitisha maji. Mvua iliponyesha, zilizuia paa kuvuja. Mimi mvua iliponyesha, kazi yangu ilimtia mtoto hofu ya kwenda chooni. Hukohuko Kibera, wakati wa vurugu zilizofuata uchaguzi wa 2007, mchoraji anayeitwa Solo 7 alizunguka akiandika maneno ya amani kwenye kuta na milango ya mabati. Alikuwa mkazi, aliandika kile ambacho majirani zake walikuwa wanakihitaji wakati ule.

Nirudi Keko. Baada ya 2019 nilichora kuta nyingine, shule, saluni, kituo cha watoto, hizo sitazisimulia. Mwaka huu, mwezi wa sita, yule mzee alipiga simu tena. Ukuta wa bombani, pale wanawake wanapopanga ndoo, umekarabatiwa, na kina mama wanataka "kitu". Nilikaa kwenye benchi wiki tatu kabla sijachora mstari. Nilikaa na wazee, kisha nikahamia bombani kwa kina mama. Wazo halikuwa langu. Mama anayeuza maandazi alinyoosha kidole kwenye kanga aliyojifunga, akasema, "Tuchoree hii, ila iwe kubwa."

Kanga ya ukutani, mita saba. Pindo kuzunguka pande zote, mji, yaani uwanja wa katikati, na jina, yale maneno ya kanga. Kwenye mji niliweka korosho kubwa nne kwenye kona na randa ya seremala katikati, kwa heshima ya mtaa. Hakuna uso wa mtu. Wala hawakunikataza, mimi mwenyewe sikuutaka.

Jina ndilo lililotukalisha siku kumi na moja. Mwenye kujua kanga anajua kwamba maneno yake hayaandikwi hivihivi, kila neno lina anayelengwa. Mmoja akasema tuandike "Hasidi hana sababu." Jirani yake akaweka ndoo chini: "Unanisema mimi?" Likaondolewa. Likaja "Wema hauozi", dada mmoja akasema anajua kwa nini limetajwa, na yeye deni lile alikwisha lipa. Siku nyingine hawakusemezana kabisa. Niliwaacha. Zamani ningeandika ninalolitaka nikaondoka, lakini nilijua kwamba jina likimchoma mtu mmoja tu kila asubuhi anapoteka maji, ukuta huo hautadumu. Mwisho bibi mmoja ambaye hakuwa amesema chochote akatamka: "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Hakuna aliyelipinga. Bomba liko karibu na njia ya kuingilia mtaani, kila mgeni anaanzia pale.

Kuhusu ufundi nitasema machache. Pale bombani unyevu unapanda kutoka chini karibu mita moja, na chumvi inatoka ukutani kama ukoko mweupe. Nilisugua kwa brashi ya waya, nikaacha ukuta ukauke, ndipo nikapaka rangi ya awali. Sehemu iliyopigwa lipu jipya niliisubiri siku 28. Ukiharakisha, saruji itakula rangi yako. Safari hii nilitumia rangi ya maji, ukuta upate kupumua. Pindo la chini nililipaka bluu nzito iliyokaribia weusi, kwa sababu ndiko matope yanakorukia. Nilichora kipupwe, si masika. Maseremala waliniazima mbao za jukwaa bila hata shilingi. Na benchi la kina mama nililolisogeza asubuhi, nililirudisha kila jioni kwa mikono yangu.

Sasa niseme lililo moyoni, hata kama litawaudhi wenzangu. Wachoraji tumezidi kuwaona watu wa mitaani kama wapita njia kwenye maonyesho yetu. Kampuni ikitaka kupaka nyumba ya mtu rangi za biashara yake inamfuata mwenye nyumba, inaongea naye, inampa chochote. Sisi tunautaka ukuta uleule bure, tunauchora tunavyotaka, kisha tunadai na shukrani. Tukifutiwa, tunasema jamii haithamini sanaa. Jamii gani uliyoiuliza? Nimewaona vijana wenye mikono mizuri kuliko wangu, wanajua kupuliza rangi mpaka unadhani ukuta unasogea, lakini hawajui hata salamu ya kumpa mama anayefagia chini ya ukuta huo. Wanavaa vipokea sauti masikioni, wanachora, wanapiga picha, wanaondoka. Ukuta si turubai la kuchorea. Turubai ukilikosea unaligeuzia upande wa pili, lakini ukuta watu wataamka nao kesho na keshokutwa. Msalimie mama. Kaa. Uliza. Naweza kuandika hivyo hadi ukurasa uishe na bado kuna atakayenitumia ujumbe kuniuliza rangi ya kopo gani ni nzuri.

Na ninyi mliofutiwa kazi, najua inavyouma. Siwaambii msilie. Nawaambia rudini mkae pale mlipofutiwa, hata kama imepita miaka mitano. Kuna mtu pale anajua sababu, na atakwambia ukimletea muda.

Mdogo wangu, nitumie picha ya huo ukuta unaoutamani, upige asubuhi na uupige tena jioni, nione nani anakaa pale. Kama umepauka chini au umevimba malengelenge, nitakwambia cha kufanya. Mimi Jumamosi nitakuwa bombani, napaka mkono wa pili kwenye pindo la chini. Mama wa maandazi amenikumbusha mara mbili, na amesema niende mapema, kabla foleni ya ndoo haijafika ukutani.