Maswali yenu: flashi, ukumbi wenye giza na sura ya bibi harusi

Nina kamera ya kawaida na lenzi ya 18-55 iliyokuja nayo. Nimeweka akiba kidogo. Ninunue kamera mpya? (Msomaji, Morogoro)

Kamera iache kwanza. Tafuta lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8 (f ni kipimo cha tundu la lenzi: namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa). Hiyo uliyonayo ukiivuta hadi 55 inafunguka f/5.6 tu, wakati ile ya f/1.8 inapitisha mwanga karibu mara 10 zaidi. Fedha itakayobaki nunulia flashi ambayo kichwa chake kinageuka.

Nikimpiga bibi harusi mweusi, gauni linatoka vizuri ila sura inakuwa giza. Nakosea wapi? (Msomaji, Tanga)

Swali hili ndilo ninaloulizwa zaidi, na linaniuma, maana familia itaiangalia picha ile miaka mingi.

Mita ya kamera huchukulia kwamba kila kilicho mbele yake kina wastani wa kijivu. Ikikuta gauni jeupe limejaa kwenye fremu, inapunguza mwanga, na sura inazama. Iweke mita ipime sehemu moja tu, uielekeze shavuni. Hapo nayo itataka ngozi nyeusi iwe ya kijivu, kwa hiyo punguza mwanga kama hatua moja, yaani nusu. Piga kwa RAW (faili ghafi la kamera), na uhakikishe kwenye skrini kwamba nakshi za gauni bado zinaonekana.

Halafu taa. Ngozi nyeusi huonyesha umbo lake kwa mng'ao: paji la uso, mfupa wa shavu, bega. Flashi iliyomkabili usoni inaua vyote hivyo. Weka ubavuni mwake mwavuli mkubwa mweupe wa picha, flashi ikipiga kupitia humo, karibu kadiri fremu inavyoruhusu. Ukiusogeza mbali mara mbili, mwanga unaomfikia unabaki robo.

Na tafadhali, usimfanye mweupe wakati wa kuhariri. Kwa miongo mingi maabara za picha zilirekebisha rangi kwa kadi za Kodak zenye sura ya mwanamke wa Kizungu, zilizoitwa kadi za Shirley. Kosa lile tusilirudie kwa mikono yetu wenyewe.

Naelekeza flashi darini kama nilivyofundishwa, lakini wageni wanatoka zambarau!

Tazama juu. Dari imefunikwa vitambaa vya mapambo, na mwanga unarudi na rangi yake. Geuza kichwa cha flashi kwenye ukuta mweupe, au utumie mwavuli. Fika ukumbini mapema, kabla ya MC, ujue utasimama wapi.

Taa za LED zinaniletea mistari kwenye picha.

Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa nyingi za bei nafuu humeta mara 100 kwa sekunde. Jaribu kasi ya shata (kifuniko kinachofunguka kuingiza mwanga) ya sekunde 1/100 au 1/50, na uzime shata ya kielektroniki.

Sina studio. Picha za mtu mmoja mmoja nizipigie chini ya mwembe? (Msomaji, Bagamoyo)

Mwembe una kivuli kizuri cha kupumzikia, lakini majani yanaacha ukijani usoni na jua linapenya kwa madoa madoa. Mkalishe barazani, ukingoni kabisa mwa kivuli, uso ukielekea mbingu iliyo wazi. Kama ukuta wa mbele ni mweupe, hata flashi hutaihitaji.